Naomba ushauri: kukadiria kwa kompyuta kilipuzi kipi ni hatari kikigongwa

Wakuu habari zenu, niko masta ya kemia, risechi yangu ni kukadiria kwa kompyuta vilipuzi vipi ni hatari vikigongwa, ili wanaovibeba wasiumie. Nimepiga hesabu za nguvu ya bondi dhaifu, ile ya kaboni na nitro, molekuli moja moja, kilipuzi cha TNT kinakaa karibu na mstari wa makadirio ila TATB (kilipuzi kigumu kulipuka kikigongwa) inagoma kabisa kukaa hapo, nadhani kwa vile kwenye fuwele molekuli zake zimelala tabaka tabaka kama grafaiti, zikipigwa zinateleza, na hesabu yangu haioni hilo. Halafu data za jaribio la kudondosha nyundo ya kilo 2.5 juu ya kilipuzi zinatofautiana maabara na maabara, hata ukubwa wa chembe unabadili majibu! Sasa nipige hesabu za fuwele nzima au nifundishe modeli ya kompyuta kwa hizi data chache? Laptopu yangu ni ram GB 16 tu, aliyepita huku anisaidie jamani.