MREJESHO: Tumeshuka malango 30 ya Tardebigge, na mama bado anacheka

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama watu wasiowahi kushika usukani wa boti wanaweza kukodi ile boti nyembamba ya mifereji ya Uingereza, tukiwa na mama asiyejua kuogelea. Tumerudi salama.

Tulianzia Alvechurch, kusini mwa Birmingham, kwenye mfereji wa Worcester and Birmingham uliokamilika mwaka 1815. Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa, yaani mtembea kwa miguu anakupita huku anakusalimia. Usukani ni fimbo tu: ukiisukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Siku ya kwanza nilibusu kingo zote mbili.

Kazi ilikuwa Tardebigge, kwenye mfereji huohuo. Malango 30 ya maji mfululizo, kila moja ni chumba chenye mageti mbele na nyuma cha kushushia au kupandishia boti; mteremko wa mita 67 hivi. Unaingia, mnafunga nyuma, mnafungulia maji yatoke taratibu, boti inashuka nayo. Aliyenionya kuhusu kizingiti cha zege kilichojificha chini ya geti la nyuma, asante sana mkuu. Nyuma ya boti ikikalia pale maji yakishuka, mnazama. Niliiweka boti mbele, mbali na kizingiti, muda wote.

Shemeji alidondosha mkono wa chuma wa kufungulia maji. Ulizama papo hapo. Bahati tulikuwa na wa pili.

Mama? Alivaa jaketi la kuokolea maisha mpaka wakati wa chai. Sasa anauliza tunarudi lini.