Naomba ushauri: kipengele cha wajukuu kwenye wosia wa baba
Mtoa Mada: Wakuu, heshima yenu. Baba alitangulia mwaka jana, mama alishatangulia, nami ni mtoto pekee. Wosia unasema shamba nilitumie maisha yangu yote, kisha liende kwa wanangu watakaotimiza miaka 25. Nasikia kuna kanuni inayomzuia marehemu kufunga ardhi kwa muda mrefu hivyo. Kipengele hicho ni batili? Sina usingizi.

Jani Kavu: Shamba la urithi haliuzwi. Kaka yangu aliuza kipande chake, leo anaomba njia ya kupita.

Mtoa Mada: Mkuu, nani kasema nauza?

Binti Wakili: Kwa kanuni ya zamani ya Kiingereza, haki lazima ithibitike ndani ya miaka 21 baada ya kufa mtu aliyekuwa hai mwenye wosia alipofariki. Wewe unaweza kupata mtoto kesho, ukafa keshokutwa; huyo atafika 25 muda umeshapita. Basi fungu lote la wanao linaanguka, na shamba linabaki kwako, mtoto pekee. Usiseme umezeeka: kwenye kesi ya Jee v Audley, 1787, wenzi wa miaka 70 walihesabiwa bado wanaweza kuzaa! Ila nchi nyingi zimelegeza. Uingereza, kwa wosia wa sasa, ni miaka 125 tangu sheria ya 2009. Wosia umechapwa? Una masahihisho?

Mtoa Mada: Umechapwa. Hiyo 25 tu ni ya kalamu ya bluu.

Binti Wakili: Juu ya nini?

Mtoa Mada: Ya 21. Imekatwa mstari mmoja, inasomeka.

Binti Wakili: Ehee! Kwa 21 kipengele kinapona. Nani aliandika 25, na mashahidi walisaini pembeni?

Mtoa Mada: Niliandika mimi. Baba alinituma, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mashahidi walishaondoka. Msinihukumu, nimemuuguza miaka 6 peke yangu. Na advansi ya mnunuzi nimeshaila, ada za hao hao watoto.

Jani Kavu: Si nilisema?

Mzee wa Pembeni: Chai hii. 21 na 25 ni tarakimu zile zile za mitihani ya sheria. California mwaka 1961, kesi ya Lucas v. Hamm, mahakama ilimsamehe wakili aliyedaiwa kukosea kanuni hii kwa ugumu wake. Leo raia tu anaiotea kwa kalamu ya bluu? Mwanafunzi huyu, kesho ana pepa.

Kiti Kirefu: Picha ya ukurasa au tulale.

Binti Wakili: Kama ni pepa, andika hivi: sahihisho la baada ya kusaini, bila mashahidi, kwa kawaida halihesabiki. 21 inabaki, shamba ni la wanao ukishaondoka. Kama ni kweli, rudisha hela.

Mtoa Mada: Picha siweki. Mnunuzi ni memba humu humu. Mods, futeni uzi.

Kiti Kirefu: Nimeshapiga skrinishoti.