Wamechukua watoto wa mdogo wangu. Nikijitokeza kuwalea si watakuja kukagua na wangu? Naombeni ushauri

MamaSita:
Wakuu habari, huwa nasoma tu humu ila leo usingizi umekataa. Tuko Marekani, tulitokea kambi ya Nyarugusu Kigoma, mdogo wangu alikuja nyuma yangu na wanawe watatu, miaka 10, 6 na 3. Anafanya shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo, mume hayupo. Dada aliyekuwa anamshikia watoto akahamia jimbo lingine, basi kama wiki mbili hivi akawa anawaacha na huyo binti mkubwa, si ndo tulivyolelewa sisi wote. Jirani kapiga simu. Wakaja polisi na sosho weka (ofisa wa ustawi wa jamii), wakafungua friji (zilibaki siku mbili mshahara utoke), wakahesabu kitanda kimoja na godoro chini, wakaondoka na watoto.

Mahakamani mkalimani alikuwa wa kwenye simu. Mdogo wangu kasema "niliwaacha na dada yao", mkalimani kaigeuza ikawa kawatelekeza. Kiingereza nasikia kidogo, nikanyoosha mkono, nikaambiwa nikae chini.

Sasa wako fosta (familia ya kuwatunza kwa muda) kwa wazungu, mwendo wa saa moja na nusu. Siku ya kuonana yule mkubwa alisema kitu kimoja tu, "mama ni mimi niliyefungua mlango."

Wanasema ndugu anaweza kuomba akae nao. Mimi nina vyumba viwili, watoto wangu watatu, na shemeji analala sebuleni. Mume wangu anasema tulia, ukijitokeza watakuja kuhesabu vitanda na hapa. Nifanyeje?

Kibubu:
Pole dada ila tuambizane ukweli, mtoto wa miaka 10 usiku kucha na wa miaka 3? Huku sio kambini. Sheria ni sheria.

BintiZiwa:
@Kibubu sheria ipi? Majimbo mengi hayana hata umri uliotajwa, wameandika "utelekezaji" basi, anayeamua maana yake ni yule aliyesimama mlangoni kwako na daftari. Mwenye hela anaweka yaya, maskini anaweka mtoto mkubwa. Halafu kinachoniuma, hiyo familia ya fosta inalipwa kila mwezi kwa kila mtoto. Hela hizo mama angepewa yeye si angeweka mtu wa usiku yakaisha?

Mzee wa Kona:
Mnapenda kuingiza rangi kila kitu, mbona wazungu maskini nao wanachukuliwa watoto

BintiZiwa:
Wanachukuliwa mzee, nani kataja rangi hapo juu? Ila kwa kuwa umeitaja: kuna utafiti wa 2017, watoto weusi 53 kati ya 100 familia zao zinachunguzwa kabla hawajafika miaka 18, weupe ni 28. Minnesota mwaka 2024 wametunga kabisa sheria ya kuzuia watoto weusi wasinyang'anywe ovyo. Hawakuiota usingizini.

FundiKaratasi:
Mama Sita waache hao, nisikilize mimi, hii kazi nimeifanya kwa wakili miaka minne. Kuna saa inahesabu. Sheria ya 1997 inasema mtoto akikaa fosta miezi 15 ndani ya miezi 22, jimbo linatakiwa kuomba mahakama imfutie mzazi haki kabisa. Ila akiwa kwa ndugu, jimbo linaruhusiwa kutoomba. Kwa hiyo swali lako sio dogo, kujitokeza kwako kunaweza kumnunulia mdogo wako muda.

Kukagua watakagua, sikudanganyi. Alama za vidole mara nyingi ni kwa kila mtu mzima wa nyumba, shemeji naye ndani. Muulizeni leo ana kesi gani ya zamani, msije kuisikia kwao. Vyumba visikutishe sana, tangu 2023 serikali kuu imeruhusu majimbo yawe na masharti mepesi kwa ndugu, uliza jimbo lako. Omba kwa maandishi, usiishie simu. Mdogo wako asisaini chochote bila wakili, asikose hata siku moja ya kuonana na watoto, na aandike tarehe zote.

Mwana Bukavu:
Kuhusu mkalimani, wakili wake aombe maneno yale yarudiwe, na mkalimani aje mwenyewe awe anajua Kiswahili chetu sio cha kitabuni. Mahakama zinazopokea hela ya serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964, sio fadhila. Kwetu iligeuzwa "nitakuua leo" ya mama kwa mtoto aliyemwaga maziwa, ilichukua miezi kuelezana.

Kibubu:
Hiyo ya mkalimani sikuwa naijua. Pole dada.

MamaSita:
Asanteni. Nimempigia wakili wake leo, barua ya kuomba naipeleka Alhamisi. Mume bado kanuna. Shemeji kasema ana kesi ya kuendesha kalewa, ya miaka mitano nyuma, halafu asubuhi nikakuta kakunja blanketi lake na begi liko mlangoni, hakuna aliyemwambia. Mwenye kitanda cha dabodeka asichotumia anicheki inbox, gari la kubebea ninalo.