Mrejesho: mbegu za Erythrina zimeota

Aksanti sana wote mlionijibu. Niliuliza kwa nini mbegu nyekundu za mti wa Erythrina abyssinica zinakaa tu udongoni bila kuota, nami nataka miche ya kushika mteremko wetu hapa Kadutu, Bukavu, unaoliwa na mmomonyoko.

Mlinipa njia mbili, maji ya moto au kukwaruza ganda. Maji ya moto ni haraka, ila mbegu nyingine ziliiva zikaoza. Kukwaruza kwa tupa, ile ya kunolea chuma, kumeshinda. Unakwaruza upande ulio mbali na jicho la mbegu, rangi ya ndani ikionekana tu unaacha, halafu unaloweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zinapandwa. Isiyovimba maji hayajaipenya, inarudi kwenye tupa. Kazi ya kuchosha vidole! Na watoto wanazipenda kama shanga. Nimewakataza, zina sumu.

Mti mwingine, Markhamia, haukunisumbua, mbegu zake mpya zinaota bila dawa yoyote.

Zimebaki zile mbegu ndogo za mti wa tatu, Trema orientalis. Nimeosha nyama ya tunda, nikazimwaga juujuu na mchanga kidogo, kwani zinapenda mwanga. Zinachomoza mojamoja, kwa kujivuta. Nani amewahi kuziharakisha?