Naomba ushauri: watoto wangu wanahesabu kipepeo mmoja mara tatu

Habari zenu ndugu zangu. Kila Jumamosi asubuhi natoka na watoto tisa, wa miaka 6 hadi 11, kuorodhesha wadudu wa eneo letu. Tunatandika shuka jeupe chini ya kichaka, tunatikisa matawi, tunaandika kilichodondoka. Juzi binti mmoja alimweka kiwavi kiganjani akanihoji: "Mbona ana miguu kumi na sita? Si ulisema wadudu wana sita?" Nikamwonyesha sita ya kweli karibu na kichwa, ile minono ya nyuma ni ya kung'ang'ania jani tu, na kipepeo hana. Nilifurahi mno, maana alikuwa amehesabu mwenyewe.

Sasa takwimu ndizo zinanitatiza. Kipepeo mmoja akizunguka, watoto watatu wanamwandika. Je, tuandike idadi kubwa iliyoonekana kwa wakati mmoja, au kila mtoto apewe kipande chake cha kusimamia kwa dakika kumi? Pia watoto wakubwa wanataka kuwafungia wadudu kwenye chupa hadi kesho yake, nami naona wanateseka. Nyinyi mnawazuiaje bila kuwavunja moyo? Picha napandisha mwenyewe iNaturalist, tovuti ya kurekodi na kutambua viumbe.