Mama anahamia kwangu Tabata na ameshaanguka mara moja. Nyumba nianze kuirekebisha wapi?

BintiMkuranga

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mama yangu ana miaka 74. Mwisho wa mwezi namchukua Mkuranga aje tukae naye hapa Tabata, maana kule amebaki na mjukuu tu, naye anashinda shule. Masika iliyopita aliteleza kwenye karo uani akaangukia ubavu. Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu, ila tangu siku ile hatembei kama zamani. Anapapasa ukuta. Akifika mlangoni anasimama kwanza, anatazama chini, ndipo anapitisha mguu.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Sakafu yote ni marumaru zile za kung'aa, mpaka bafuni. Choo na bafu ni chumba kimoja, sinki ni la kuchuchumaa, limejengwa juu ya jukwaa la ngazi moja. Maji ya bomba yanatoka kwa zamu, kwa hiyo pipa na ndoo vyote vimo humo humo. Kutoka chumba atakacholala mama mpaka chooni unapita korido isiyo na dirisha. Umeme ukikatika ni giza hata mchana.

Anatumia dawa za presha. Usiku anaamka kwenda haja ndogo, na alfajiri anaamka tena kutawadha. Hapo ndipo ninapokosa raha, hata kabla hajafika.

Kaka yangu anasema ninunue kile kitembezi cha chuma cha kushika kwa mikono miwili. Jirani anasema nimwekee ndoo chumbani na nisimwachie azungukezunguke. Mama mwenyewe habari za mkongojo hataki kuzisikia. Nina kama laki nne za kuanzia, na mwenye nyumba hapendi kuta zake zitobolewe. Naombeni ushauri wa mtu anayeyajua haya au aliyekaa na mzazi wa umri huu.

MzeeWaTemeke

Marahaba mwanangu, na Mungu akuzidishie kwa kumchukua mama. Mimi nina miaka 69, nasema ninachokijua mwilini mwangu. Zulia la sebuleni litoe kabisa. Ndala zilizolika kisigino zitupe, mnunulie viatu vyepesi vyenye mkanda nyuma na soli ya mpira. Na hilo la ndoo asilazimishwe. Mtu mzima akiona anachungwa, anaanza kuamka kimya kimya asisikike, tena bila kuwasha taa.

DadaFizio

Shikamoo mzee wangu, hilo la mwisho ni kweli kabisa.

BintiMkuranga, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar. Wazee waliovunjika nyonga ndio ninaowafundisha kutembea upya, na wengi nikiwauliza ilikuwaje, wanaanza na "nilikuwa naenda chooni" au "nilikuwa natoka kuoga". Kwa hiyo usianzie dukani kwenye kitembezi. Anzia kwenye njia moja tu, ya kutoka kitandani kwa mama mpaka chooni, usiku, umeme ukiwa umekatika. Pesa yako yote ya mwanzo iishie hapo. Sebule itasubiri.

Mkalishe ukingoni mwa kitanda. Nyayo zote mbili zinagusa sakafu sawasawa? Vitanda vyetu vya mbao ukiweka na godoro nene huwa virefu, mzee anashuka kwa kujirusha. Seremala atakipunguza miguu kwa muda mfupi. Halafu angalia chandarua. Kikubwa kikining'inia, pindo linalala sakafuni, na mtu anayeshuka gizani mguu unaingia humo. Kichomeke chini ya godoro pande zote, mfundishe kuchomoa upande mmoja tu na kuutupia juu ya kitanda kabla hajateremsha miguu. Waya wa feni nao upite ukutani, usikatize mahali pa kukanyaga.

Akiamka asisimame papo hapo. Akae, achezeshe vifundo vya miguu, avute pumzi, ndipo asimame, na akishasimama atulie kidogo kabla ya hatua ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu ya zile dawa. Kuna watu presha inashuka ghafla wakisimama, wanaona kiza. Kliniki waombe wampime akiwa amelala, kisha wampime tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari aziangalie dawa zake upya. Beba dawa zote anazotumia, za usingizi, za mafua, hata za mitishamba. Nyumbani msipunguze wala kuacha hata moja bila daktari kusema. Na huko kusimama mlangoni na kutazama chini kunanifanya niulize habari ya macho. Apimwe kama ana mtoto wa jicho.

Korido weka taa ndogo za kuchaji zinazojiwasha mtu akipita, moja nje ya mlango wake na nyingine karibu na choo. Tochi itundikwe kwa kamba kichwani pa kitanda, mkono uifikie bila kutafuta. Ukingo wa ile ngazi ya choo upake rangi ya njano au nyeupe, utepe mpana kabisa, kwa sababu marumaru za rangi moja zinaificha.

Sasa kutawadha, na hapa nakuomba usome taratibu. Mtu anayetawadha kwa kusimama anafika mahali anainua mguu ili auoshe. Mkono mmoja una kopo, chini pamelowa, na mwili wote umebaki juu ya mguu mmoja ambao umetoka kitandani sasa hivi. Sijui tendo jingine la nyumbani linalokusanya hatari nyingi hivyo kwa pamoja. Atawadhe amekaa. Tafuta kiti kigumu kisichoyumba, urefu wa kufika nyuma ya goti lake, kikae mahali pamoja siku zote. Birika au jagi liwe limeshajazwa tangu jioni, juu ya stuli ya usawa wa kiuno, asiinamie pipa. Akimaliza akaushe nyayo kwa taulo kabla hajainuka. Na kama kwenye sala kusujudu na kuinuka kunamyumbisha, aswali kwenye kiti. Dini imempa ruhusa hiyo, na kama neno lako halitamtuliza, mwombe imamu wa hapo mtaani amweleze mwenyewe.

Usidhani haya ni mambo madogo. Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za afya, walitoa mapitio mwaka 2023. Kuondoa hatari za ndani ya nyumba kulipunguza kuanguka kwa takriban robo, na kwa wazee walio hatarini zaidi, wakiwemo walioanguka karibuni, kwa asilimia 38. Mama yako yumo kwenye kundi hilo.

Jirani anakutakia mema, lakini ushauri wake utamdhoofisha mama. Mapaja yasiyofanya kazi yanaisha nguvu upesi, na nguvu ikiisha hata kuinuka kwenye kiti kunakuwa hatari. Mfanyishe mazoezi kila siku. Akae kwenye kiti cha mezani kilichoegemezwa ukutani, asimame, akae, asimame tena, akiweza bila kujisukuma kwa mikono. Kisha ashike meza nzito, anyanyue visigino na kuvishusha polepole. Mapitio mengine ya hao hao ya mwaka 2019 yalionyesha mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na ya msawazo kama haya, yaani ya kuufundisha mwili usiyumbe, ndiyo yaliyosaidia. Kitembezi sikikatai, ila achaguliwe na kupimiwa na mtu wa fani. Kwenye korido nyembamba yenye ngazi mbele, kisichomfaa kitamkwaza.

FundiKeko

Dada, mimi nachomelea, na hizi kazi za wazee nimezifanya. Kwa kuwa mwenye nyumba ni mgumu, hapo juu ya sinki mtengenezee fremu inayosimama yenyewe, hakuna kutoboa. Iwe na mfuniko wa kukalia kama wa choo cha kukaa, unauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na pande mbili iwe na mikono ya kujisukumia wakati wa kuinuka. Kimo cha kukalia kama sentimita 45, ila mpime mama mwenyewe kwanza.

Mwambie fundi wako atumie bomba la maji la inchi moja. Kwa nje lina milimita 33 hivi, vidole vya mzee vinalizunguka na kulikaba. Nimeona mafundi wanaweka la inchi mbili wakidhani nene ndiyo imara, mzee anaishia kuliegemeza kiganja tu, na kiganja chenye sabuni kinateleza. Miguu ya fremu itanuke kwa chini kuliko juu, akilemea upande mmoja isipinduke. Kila mguu uvalishwe kofia ya mpira, ile ya mkongojo. Na lile jukwaa lipimwe kabla ya kukata chuma. Miguu yote minne ikae juu yake, isiwe inaning'inia ukingoni. Maungio yapigwe rangi ya kuzuia kutu vizuri, hewa yetu ya pwani na maji ya bafuni vinaanza kula pale pale palipochomelewa.

Ila kwenye ile ngazi, dada, kishikio cha ukutani hakikwepeki. Kambembeleze mwenye nyumba. Kiwe usawa wa sentimita 85 hadi 90 kutoka anaposimama, na kati ya bomba na ukuta pabaki nafasi ya sentimita nne. Ikizidi sana, mkono unaweza kutumbukia na kunasa. Matofali yetu mengine yana mchanga mwingi, fisha za plastiki zinachomoka. Tumia bolti za chuma zinazotanuka, au fundi achimbe na kuzifunga kwa zege. Akimaliza, mwambie abembee hapo kwa uzito wake wote mbele yako. Akisita, kazi haijaisha. Na kile chuma cha kutundikia taulo kiondoe, mtu akiteleza ndicho anachokirukia na kinang'oka naye.

MamaWaUani

Nichangie moja la deki. Marumaru za kung'aa zikipigwa deki ya sabuni nyingi zinabaki na utelezi hata zikionekana zimekauka. Punguza sabuni, suuza kwa maji matupu, pitisha tambara kavu, na deki ipigwe mama akiwa amekaa mahali. Bafuni tandika mkeka wa mpira wenye matundu na vinyonyeo chini, kila siku uusimamishe ukauke, usiposuguliwa unaota ute na kuteleza kuliko sakafu yenyewe.

BintiMkuranga

Mungu awabariki sana, nimesoma yote nikiwa nimesimama kwenye hiyo korido. Chandarua sikuwahi kukifikiria hata kidogo. Nimempigia mwenye nyumba, amekubali kishikio kimoja tu, pale kwenye ngazi, kwa sharti nikihama nizibe. FundiKeko nimekuandikia pembeni tupange ya fremu.

Swali langu la mwisho ni kwa DadaFizio. Mimi natoka kazini jioni, mchana atakuwa na binti wa kazi tu. Ikitokea ameanguka, huyu binti afanye nini? Kule kijijini mama alivyoanguka walimnyanyua watu watatu, wakamkanda na maji ya moto.

DadaFizio

Mfundishe huyo binti kabla mama hajafika, na ulirudie mbele ya mama mwenyewe asikie.

La kwanza, asimvute. Ampigie magoti, aongee naye, amuulize panauma wapi, kama amegonga kichwa. Kama nyonga au paja linauma sana, hawezi kunyanyua mguu, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, hapo ni hospitali moja kwa moja. Abaki pale pale, afunikwe khanga, atafutiwe usafiri atakaoweza kulazwa, siyo bodaboda. Asikandwe, asinyooshwe, asipelekwe kwa mtu wa kuunga mifupa. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida inahitaji upasuaji, na unapofanyika mapema nafasi ya kutembea tena inakuwa kubwa zaidi. Akigonga kichwa naye aende akaonwe hata kama anasema yuko sawa, hasa kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

Kama hana maumivu makali, ainuke mwenyewe kwa kusaidiwa. Alale ubavu, asimame kwa magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti kizito, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, ajisukume. Binti kazi yake ni kusogeza kiti na kukishikilia. Lifanyieni mazoezi hilo siku ambayo hakuna aliyeanguka, juu ya mkeka sebuleni.

Mnunulie simu ya batani, namba yako iwe kwenye kitufe kimoja cha kubonyeza kwa muda, ikae kwenye kifuko cha shingoni hata akienda chooni. Mpe jirani unayemwamini ufunguo wa akiba. Na komeo la ndani la choo ling'oe sasa hivi, weka pazia nje ya mlango, likishushwa watu wajue kuna mtu. Kama mlango unafungukia ndani, mwombe FundiKeko ageuze bawaba siku hiyo hiyo anayofunga kishikio, kwa sababu akiangukia nyuma ya mlango huo hakuna atakayeweza kuusukuma.