Fundi wa lifti za buti, leo umenivunjia heshima mbele ya wakwe wa watu

Mpishi wa Shughuli

Wakuu, naandika bado nimevaa aproni, mikono inanuka vitunguu na presha iko juu. Simtaji jina. Mnamjua. Kama una gari Dar hii na umewahi kuulizia lifti ya kushushia mizigo kwenye buti, lazima kuna mtu alikuelekeza kwake. Yule mwenye ovaroli ya bluu isiyoonana na sabuni tangu enzi za Mwalimu, anayepokea simu kwa "sema tajiri", halafu akishashika hela yako anakuwa bubu. Huyo huyo.

Kanifungia lifti kwenye Noah yangu. Bamba la chuma, mota, rimoti yenye vitufe viwili. Pale gereji kwake akaijaribu kwa tairi la spea. Likapanda, likashuka, likapanda tena, vijana wake wakapiga makofi. Nikalipa milioni na ushee, taslimu, huku natabasamu. Nikasema moyoni sasa basi, sibembelezi tena makuli.

Leo harusi, ukumbi umejaa. Nafika na pilau ya watu 200, lile sufuria langu kubwa ambalo ukilidondosha Mbagala mtu wa Bunju anashtuka usingizini. Nabonyeza kitufe. Bamba linatoka, linashuka kidogo, tiii, kimya. Pilau iko hewani! Garini haipo, chini haijafika. Nabonyeza kushuka, kimya. Nabonyeza kupanda, kimya. Kunguru wameshajipanga ukutani wanasubiri taarifa. Huko ndani MC anatangaza chakula kinaingia. Kinaingia wapi, kimening'inia!

Nampigia. Kaja baada ya karne nzima, kapanda bodaboda, anatafuna hindi la kuchoma. Wakuu, hakugusa hata waya mmoja. Alizunguka gari polepole, akang'oa punje kadhaa kwa meno, akaliangalia sufuria, akaniangalia mimi, halafu mbele ya shangazi zake bibi harusi, mbele ya wajomba, mbele ya mpiga video ambaye kamera yake INAREKODI, akasema:

"Mwanaume mzima unahitaji lifti kushushia sufuria?"

Mmesoma lakini? Lifti kaniuzia YEYE. Hela kala YEYE. Kama wanaume wazima hawahitaji lifti, hizo anazofunga kila siku anawafungia akina nani?

Wakacheka. Shangazi mmoja alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Halafu akina mama wanne wa kamati wakafunga khanga viunoni, "haya mwanangu sogea hapo", wakalishusha. Mimi nimesimama nimeshika rimoti. Na yeye pale pale, hindi mkononi, akaniomba nauli ya bodaboda ya kurudia. NAULI.

Mwanaume mzima. Mbele ya kamera. Wakuu, mtu wa namna hii anafanywaje?

Shombo la Feri

Nimeshaweka kambi. Mwanaume mzima, endelea, tunakusikiliza.

Kitumbua Baridi

Mimi nimekwama pale ulipokuwa umeshika rimoti. Ulikuwa unabadilisha chaneli?

Noah ya Urithi

Chai hii. Mimi nina Noah. Sakafu ya buti lake haifiki hata sentimita 70 kutoka chini, na wewe unasema lilishuka kidogo. Kwa hiyo hiyo "hewani" ni usawa wa goti. Kunguru walikuwa wanaangalia goti lako.

Mpishi wa Shughuli

@Noah ya Urithi hewani ni hewani. Kitu kisipogusa ardhi kiko hewani, hata kingekuwa usawa wa kisigino. Na hoja si kimo cha sufuria, hoja ni kwamba mtu niliyemlipa ananiuliza mimi habari za uanaume huku mdomo umejaa mahindi.

Umeme Mdogo

Pole mkuu. Naomba kuuliza kitaalamu: umeme wa hiyo lifti kauchukua wapi? Kwenye betri moja kwa moja au kwingine?

Mpishi wa Shughuli

Kachomeka pale pa kuwashia sigara. Waya kaupitisha chini ya kapeti. Lakini sijaja hapa kuongelea waya.

Umeme Mdogo

Nilijua tu. Sikilizeni, wengine itawasaidia. Soketi ya kuwashia sigara kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 15. Gari ni volti 12. Zidisha, unapata wati 180, na hapo ni ukomo. Mota ya kunyanyulia mzigo inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Tairi la spea na rimu yake halifiki kilo 25, lile litapanda tu mpigiwe makofi. Pilau ya watu 200 pamoja na sufuria ni kilo mia na kitu, na kila ukibonyeza mota inaanza upya. Fyuzi imekufa, basi. Hiyo kitu inatakiwa waya mnene kutoka betri, fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, relei katikati, yaani swichi ya kuwashia umeme mkubwa kwa umeme mdogo, na injini iwe inaunguruma wakati unanyanyua.

Na shukuru lifti yako inaelekea ni ya skrubu. Umeme ukikatika skrubu inakaa palepale ilipo. Ndiyo maana mlikula pilau na si kokoto. Za haidroliki huwa na valvu ya kufungulia kwa mkono, unashusha mzigo taratibu bila umeme. Muulize fundi kwa nini yako haina hata mpini wa kuzungushia.

Mpishi wa Shughuli

NIMUULIZE? Mtu aliyeniambia mwanaume mzima mbele ya shangazi watatu nirudi kwake nikamuulize habari za mpini? Mkuu, nashukuru kwa elimu, ila fyuzi haikunitukana. Fyuzi ilikaa kimya kwa adabu. Aliyenitukana ana ovaroli.

Shombo la Feri

Sahihi. Fyuzi ilikufa kwa aibu.

Mbeba Boksi

Ndugu zangu, huku Uingereza haya mambo yana sheria. Kuna kanuni za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998. Kifaa cha kazini kinachonyanyua watu lazima mtaalamu akikague kila miezi 6, cha mizigo kila miezi 12, na ripoti inaandikwa. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, lifti ya kumwinua mgonjwa kama tarehe ya ukaguzi imepita hatuigusi. Na kifaa kinaandikwa uzito wake wa mwisho, mtu yeyote anauona. Ya kwako iliandikwa kilo ngapi?

Mpishi wa Shughuli

Iliandikwa "GOD IS GOOD". Kaandika yeye mwenyewe kwa rangi ya dawa.

Kitumbua Baridi

@Mbeba Boksi huku pia kuna OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, na sheria yake ni ya 2003, usituone washamba. Ila hebu niambie, mkaguzi anaanzia wapi kwa mtu ambaye gereji yake ni mti wa mwembe?

Canter ya Mkopo

Nyie mnalia na lifti ya buti, mimi nilie na nini? Nimeagiza Canter Japani, nikaongeza hela makusudi kwa sababu ina pawa geti nyuma, lile bamba la kupandishia mizigo. Limefika zima, linapanda linashuka, maandishi ya Kijapani matupu lakini nikakariri, kitufe cha juu juu, cha chini chini. Nikamwachia gari dereva, nikasafiri msibani. Narudi, geti halipo! Kalipeleka kwa fundi likakatwa, eti lilikuwa linakula mafuta na kuongeza uzito mizani. Chuma kimeuzwa kwa kilo. Kwa KILO. Pampu ya haidroliki, silinda, kila kitu, kwenye mzani wa vyuma chakavu. Na ananiambia "bosi nimekupunguzia mzigo".

Sasa huyo mleta mada katukanwa tu, lifti yake si bado anayo?

Noah ya Urithi

@Canter ya Mkopo pole sana mkuu. Hiyo yako ndiyo ilistahili uzi.

Mpishi wa Shughuli

Hapana jamani, kila mtu afungue uzi wake. Hapa tunazungumzia "mwanaume mzima".

Ghorofa ya Sita

Mimi naishi Kariakoo ghorofa ya sita, lifti ya jengo ilishakuwa kabati la mafagio. Juzi nimeleta friji. Makuli tumepatana bei pale chini, safi. Ghorofa ya pili wakaliweka chini, wakasema bei ile ilikuwa ya kufika hapo. Ya nne wakaweka tena, mmoja anajishika kiuno anamwita mama yake. Nikaongeza. Ya tano wakadai maji ya kunywa, soda na hela ya "vumbi". Friji limenunuliwa kwa mkopo, kulipandisha nimekopa tena. Mwenye nyumba akipigiwa simu kuhusu lifti anasema fundi yuko njiani. Fundi gani huyo, anatembea kwa miguu kutoka China?

Shombo la Feri

Usikute ni yule yule wa ovaroli ya bluu.

Ghorofa ya Sita

Ukweli, ovaroli ni ya bluu.

Mpishi wa Shughuli

MNAONA! Nimewaambia mnamjua!

Mtoto wa Mama

Samahani mleta mada, hiyo lifti unaiuza? Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu, kumpandisha kwenye gari kila tukienda kliniki tunaumia wote wawili. Nilikuwa nawaza akae nacho juu ya bamba, tunabonyeza, anapanda.

Umeme Mdogo

Ndugu yangu, HAPANA. Usimweke mtu kwenye kitu kile. Halina kingo, halina kizuizi cha tairi za kiti, na limechomekwa penye sigara. Ukiwa na uwezo tafuta gari lililotoka kiwandani hivyo. Toyota wana toleo wanaliita Welcab, wanatengeneza Noah, Hiace na nyinginezo kwa ajili ya watu wenye viti vya magurudumu. Nyingine zina lifti nyuma, nyingine sakafu imeshushwa na kuna ubao wa kuteremkia, kiti kinafungwa kwa mikanda. Used za Japani zipo, mwambie wakala akutafutie hizo hasa. Kabla hujalipa hakikisha umeona video lifti inafanya kazi ikiwa na mtu juu. Na ukiileta usimpe dereva wa @Canter ya Mkopo.

Mtoto wa Mama

Nashukuru sana kaka, Mungu akubariki. Hii ndiyo maana napenda hili jukwaa.

Mpishi wa Shughuli

Karibu. Sasa kuhusu huyu fundi, nimefikiria kurudi kesho na wale wale shangazi

Mama Pacha

Ngoja kwanza. Harusi ya leo ukumbi ule wenye geti jeupe? Sare za maharusi zambarau?

Mpishi wa Shughuli

Ndiyo dada. Ulikuwepo? Waambie basi, waambie alivyosema yule mtu!

Mama Pacha

Nilikuwepo, na mmoja wa wale wanne waliofunga khanga ni mimi, bega bado linauma. Habari ya lifti tulishakusamehe palepale. Hatujakusamehe nyama. Kaka, nimebeba lile sufuria kwa mikono yangu, nikajua uzito wote ule mna ng'ombe mzima ndani. Sahani yangu imekuja na kipande kimoja, na chenyewe mfupa. Meza yetu tulikuwa tunaazimana nyama.

Kitumbua Baridi

Uzi umegeuka. Naleta kiti.

Mpishi wa Shughuli

Dada, bajeti ya nyama ilipangwa na kamati. Wewe uko kwenye kamati!

Mama Pacha

Kamati ilitoa hela ya kilo 40. Tuambie zilishukia kituo gani.

Shombo la Feri

Zilikwama hewani.

Wa Darajani

Mimi naomba kuuliza jambo moja tu kwa adabu. Hiyo pilau ilikuwa na mbatata?

Mama Pacha

Haikuwa nazo.

Wa Darajani

Astaghfirullah. Basi huo ni wali uliopigwa rangi, ndugu yangu. Kilichobebwa kwenye lifti hakikuwa pilau toka mwanzo.

Canter ya Mkopo

Nyie wa visiwani na viazi vyenu. Kiazi kwenye pilau ni njia ya kuficha kwamba nyama haitoshi. Kwetu Moshi ukiweka kiazi wageni wanajua umefilisika.

Wa Darajani

Moshi na pilau wapi na wapi? Nyinyi mna mtori wenu, kaeni nao. Mbatata inakaangwa kwanza ikapata rangi, ndiyo inatiwa pamoja na mchuzi wa nyama kabla hujaweka mchele. Inakunywa viungo vyote. Mimi naweza kuacha nyama nikala mbatata.

Mpishi wa Shughuli

Wakuu, kuna mtu katukana wateja wake hapa mjini na mnajadili viazi?

Ghorofa ya Sita

Tulia kidogo mkuu. @Wa Darajani, bizari mnaweka nzima au mnasaga?

Wa Darajani

Nzima, na nyengine nasaga kidogo natia mwishoni. Ukisaga yote inakuwa chungu na rangi inakufa. Mdalasini vijiti, hiliki, pilipili manga, karafuu usizidishe, karafuu nne tano zinatosha sufuria la nyumbani.

Canter ya Mkopo

Karafuu nne tano, na mnazilima nyie! Ubahili gani huu.

Mama Pacha

@Wa Darajani njoo faragha, mwezi ujao nina kipaimara cha pacha, wageni kama 150.